Chumvi Katika Pindo la Kanzu

Wametusimulia wazee wetu, nao walisimuliwa na wazee wao, Mwenyezi Mungu awalaze wote mahali pema, ya kwamba katika siku zile Injili ilipokuwa ingali changa katika nchi ya vilima vya mawe, alikuwako mja mmoja wa Mungu jina lake Kornelio, mwalimu wa dini katika kijiji cha Nanjilili. Alikuwa mtu wa sala nyingi, mfungaji, mpenda haki, na hasira zake zilikuwa karibu. Wasimulizi wengine huiruka hiyo sifa ya mwisho kwa heshima. Sisi hatuiruki, maana bila hiyo kisa chenyewe hakieleweki.

Wakristo wa Nanjilili hawakuliacha jando. Waliona kwamba mvulana asiyepita jandoni hahesabiwi mtu, hasikilizwi barazani, wala haitwi penye msiba wa watu wazima. Basi wakalitia jando chini ya ulinzi wa Kanisa. Nyimbo za matusi zikaondolewa, sala za asubuhi na jioni zikaingia, na nyakanga, yaani mkuu wa jando, akawa mzee aliyebatizwa. Mengine yakabaki kama yalivyokuwa. Wavulana, ambao huitwa wari, walikaa msituni kumbini, katika kibanda cha jando, mpaka vidonda vyao vipone, wala hakuna aliyerudi nyumbani kabla ya yule wa mwisho kupona. Kwa muda huo wote mama zao hawakuruhusiwa kuwaona wala kusikia sauti zao. Na siku ya kutoka, kila mama alisimama mlangoni mwa kanisa, akamwuliza mwanawe, “Nani wewe?” kana kwamba hamjui, naye mtoto akajibu kwa jina lake la ubatizo, akapokelewa kama mtu mzima. Asiye na wa kumpokea hakuwa ametoka jandoni, hata kama miguu yake ilikuwa imetoka.

Mwalimu Kornelio aliwekwa kuwa mlezi mkuu wa wari wa mwaka ule. Aliukubali wito huo kwa machozi ya furaha. Baada ya siku chache machozi yalibaki, furaha ikaondoka.

Somo lake lilikuwa moja tu. Siku ya kwanza aliwakalisha chini akawaambia, “Baba yetu wa kwanza alipoulizwa na Muumba wake bustanini kama amekula tunda, alimsonta mkewe kidole. Tangu siku hiyo sisi wanaume tunasonta. Kujenga nyumba na kulima mtafundishwa na baba zenu. Mimi nataka neno moja tu litoke vinywani mwenu mkiulizwa nani aliyefanya. Semeni: Ni mimi. Mkilijua hilo, mmekuwa wanaume. Msipolijua, hata mkiota ndevu mpaka magotini, bado ni watoto.”

Wari wakaitika kwa sauti moja, “Ndiyo, Mwalimu.” Kwa kuitika walikuwa hodari.

Kesho yake chungu cha uji kilikutwa kimepasuka. Mwalimu akawapanga mstari. “Nani aliyepasua chungu?” Mmoja aliyeitwa Tito akainua macho mbinguni kama mtu aliyepata wito wa upadre. Mwenzake Kondradi akashikwa na kikohozi. Hatimaye mmoja akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba chungu kile kilikuwa kizee, na wazee wakati wao ukifika huondoka.

Juma lilipogeuka, ndala moja ya Mwalimu ikaonekana inaning'inia juu ya mti. “Nani aliyepandisha ndala yangu mtini?”

“Huenda ni nyani, Mwalimu,” Tito akasema.

“Nyani gani, Tito, anayejua kufunga kamba kwa fundo?”

“Nyani wa siku hizi, Mwalimu.”

Mwalimu Kornelio alikwenda nyuma ya kumbi, akapiga magoti kwenye majani makavu, akasema, “Ee Bwana, wewe uliwapokea wanyang'anyi na waasi, ukawafanya watu. Nami najua neema yako haina mpaka. Lakini hawa, Bwana, hawa.” Akashindwa kuendelea, akarudi akawapikia uji katika chungu cha kuazima.

Katikati ya kundi hilo alikuwamo kijana mmoja aliyemtuliza moyo. Jina lake Gaudensi, mwana wa Bibi Eufemia mjane. Baba yake marehemu alikuwa fundi wa migono, ile mitego ya kufuma kwa fito inayotegwa kijitoni kuvua samaki, naye alifariki mwaka uliotangulia. Gaudensi hakucheka ovyo wala hakujibu jeuri. Tena vidonda vilipoanza kukauka na wari wakaruhusiwa kutembea karibu na kumbi, yeye peke yake ndiye aliyekubali kwenda kuokota kuni alfajiri kabla ya sala. Wenzake walikuwa bado wanakoroma. “Mtazameni Gaudensi,” Mwalimu aliwaambia kila siku. “Mtazameni, mjifunze.” Nao walimtazama, na kwa hakika walikuwa na sababu za kumtazama, kama tutakavyoona.

Sasa tuje kwenye habari ya chumvi. Ilikuwa desturi ya jando tangu kale kwamba wari, walezi wao na mama zao wale chakula chapwa, kisicho na chumvi hata punje, mpaka mtoto wa mwisho apone. Watu wa kale waliamini kwamba chumvi ya mlezi huchoma kidonda cha mwari. Padre alisema hilo ni jambo la kubuni tu. Lakini wazazi waliomba sana, na Mwalimu Kornelio mwenyewe akatafuta njia ya kati. “Hatutaacha chumvi kwa kuogopa,” alisema. “Tutaiacha kama mfungo, kwa upendo wa hawa watoto.” Akasimama mbele ya altare pamoja na walezi wenzake na mama zote, akaweka ahadi kwa kinywa chake, wote wakisikia.

Ahadi ni kitu chepesi mtu akiwa ameshiba. Mwalimu Kornelio alikuwa mfungaji, ndiyo. Aliweza kukaa tangu macheo hata machweo bila tone la maji. Lakini kula kisamvu chapwa na ugali chapwa, leo chapwa, kesho chapwa, huku Kondradi anamkoholea usoni, hilo lilimshinda. Jumamosi moja aliporudi nyumbani kuchukua kanzu ya ibada, alipita jikoni, mkono wake ukaingia katika kibuyu cha chumvi kabla yeye mwenyewe hajatoa ruhusa. Akafunga kijichumvi katika pindo la kanzu. Tangu hapo, uchapwa ulipomzidi, alijitenga nyuma ya kumbi kana kwamba anakwenda kusali, akaramba kidogo. Na ili asiwe mwongo kabisa, alisali pia.

Siku zikaenda. Vidonda vya wari vikapona, kimoja baada ya kingine, isipokuwa kimoja. Kidonda cha Gaudensi kilikauka leo, kesho kikalainika. Dawa ya majani ikabadilishwa, sala zikaongezwa, bila nafuu. Wenzake wakakaa kumbini wazima wa afya, hawana kazi, na vijana wazima wasio na kazi mnawajua. Waliingia katika matandiko ya walezi wakatia upupu. Walikata kamba ya ndoo kisimani. Kila mara Mwalimu aliwapanga, akauliza nani, akajibiwa na ndege wa msituni. Huko kijijini nako mtama ulikuwa umeiva, mikono ya kuvuna iko kumbini, na baba zao walianza kunung'unika njiani kwa sauti ya kusikika. Mwalimu alikonda. Alipowatazama wale wavulana alihisi kichwa kinampwita.

“Mtoto mmoja anatufunga sote,” wakasema watu. Kisha wakasema lile linalosemwa siku zote. Kidonda kisipopona, kuna aliyevunja mwiko. Na ukitafuta mwenye kuvunja mwiko, anza kwa mama.

Ndipo jirani mmoja wa Bibi Eufemia akajitokeza na neno. Aliona kwa macho yake, alisema, asubuhi ya mapema, kambare mbichi wamefungwa katika jani la mgomba mlangoni kwa mjane. Si siku moja. Mjane hana mume, hana kaka, mwanawe yuko jandoni. “Kambare hapandi kilima mwenyewe,” alisema yule jirani. Neno hilo likazunguka kijiji kabla ya jua kufika utosini. Ana mtu. Anapokea mwanamume ilhali mwanawe yu jandoni, nao huo ni mwiko, na ndiyo maana mtoto haponi.

Nyakanga, Mzee Sefania, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na aliyechoka hushika jibu lililo karibu. Akaamuru walezi na mama wote wakutane Jumamosi ile mbele ya kumbi, kila mmoja aulizwe mbele ya msalaba. Akitajwa mvunja mwiko na asikiri, ikiwa ni mlezi, atanyang'anywa fimbo ya ulezi. Ikiwa ni mama, hatasimama mlangoni mwa kanisa kumpokea mwanawe. Kila mtu alijua hukumu ya pili ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya nani.

Mwalimu Kornelio alikasirika, safari hii kwa haki. Alifika nyumbani asubuhi ya Jumamosi akitoa moshi. “Wapumbavu,” alimwambia mkewe, Mama Salome. “Kidonda cha mtoto na samaki wa mama yake vina udugu gani? Nitakwenda nitawahutubia. Nitawaambia ule mwiko ni upuuzi mtupu. Nitawauliza kama wanamwabudu Mungu au wanaabudu chumvi.”

Mama Salome alikuwa anafua. Hakuinua kichwa. “Watakusikia?”

“Hawatanisikia. Lini wamewahi kunisikia? Baba zao hawasikii, watoto wao hawasikii. Nimewafundisha neno moja tu, mke wangu, neno moja, na hakuna hata mmoja aliyelisema.”

“Wamemsikia nani akilisema?” akauliza Mama Salome. Akainua kanzu ya juma lililopita kutoka katika beseni, akaushika upindo wake kati ya vidole viwili. “Maji ya kanzu hii nimeyaonja, baba. Yana chumvi.”

Mwalimu alifungua kinywa kujibu. Kwanza alitaka kusema ni jasho. Neno hilo lilifika kwenye ulimi, likakaa hapo, naye akalitambua. Lilikuwa na sura ya Tito. Akakifunga kinywa, akachukua kanzu safi na fimbo yake, akapitia jikoni, akaondoka bila kuaga.

Njiani alihojiana na nafsi yake. Nikikiri, alijiambia, watasema kweli chumvi ndiyo iliyomchoma mtoto, na mwiko niliotaka kuufuta nitakuwa nimeutia nguvu. Je, si afadhali ninyamaze kwa ajili ya imani? Alilipenda sana wazo hilo. Lilikuwa wazo lenye elimu. Lakini kila alipopiga hatua, alimwona Bibi Eufemia akisimama nje ya ua wa kanisa siku ya kutoka, na mwanawe akiingia mlangoni bila mtu wa kumwuliza yeye ni nani. Na yale maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamfuata kama mbwa wa nyumbani: tangu siku hiyo sisi wanaume tunasonta. Tena jambo jingine lilimkata maini. Kesho kutwa wale wavulana wangejua. Wavulana hujua kila kitu. Na mwalimu aliyegundulika, watamheshimu vipi? Alikuwa ameisubiri siku ya kutoka kwa hamu, siku ya kutangulia mbele ya wari hadi kanisani, fimbo mkononi. Lilikuwa ndilo jambo pekee lililomfanya awavumilie.

Mama na walezi walikuwa wamekwisha kukaa. Kumbi lilizungushiwa ua wa nyasi, na nyuma ya ua wari walikuwa wameamriwa kukaa kimya kama mawe, kwa kuwa mama zao wako karibu. Mzee Sefania alisimamisha msalaba wa mti katikati ya uwanja. Hakuzunguka sana. Baada ya sala alimgeukia mjane.

“Bibi Eufemia, watu wameona samaki mlangoni kwako.”

“Wameona kweli, baba.”

“Nani anayeleta?”

“Simjui. Mume wangu alikwisha kufariki, na mwanangu alipokwenda jandoni niliishiwa kitoweo, nikamwomba Mungu. Nikaamka nikakuta samaki. Nikashukuru, nikawapika bila chumvi, nikala. Sikuuliza.”

Wengine wakaguna. Mzee Sefania akasema, “Mama, mtaje huyo mtu, utubu, mambo yaishe. Watu wanataka kuvuna mtama wao.”

Bibi Eufemia alitazama mikono yake. “Niwape jina la nani?” akasema. “Mnataka nimtaje mtu wa kubuni ili mtama wenu usianguke? Mlangoni mnaweza kunizuia, baba zangu. Lakini uongo juu ya nafsi yangu sitausema.” Wala hakulia. Walioshuhudia wanasema kilichowatisha ni huko kutokulia kwake.

Mzee Sefania akawatazama wengine. “Basi, kama hakuna mwingine aliyevunja—”

“Ni mimi,” akasema Mwalimu Kornelio.

Hakuna aliyeelewa. Hata yeye mwenyewe alishangaa jinsi lile neno lilivyo fupi. Akasimama, akaukunjua upindo wa kanzu aliyoivaa, maana hata kanzu safi alikuwa ameitia chumvi kwa mazoea alipopita jikoni asubuhi ile, nayo chembe zikaanguka chini mbele ya msalaba.

“Mliuliza nani aliyevunja ahadi. Ni mimi. Nimekula chumvi tangu Jumamosi ya pili. Nikajificha nyuma ya kumbi, nikajifanya nasali. Sisemi kwamba chumvi yangu imemdhuru mtoto. Siamini hivyo, na mkitaka tutabishana siku nyingine. Lakini niliahidi mbele ya Mungu na mbele yenu, nikavunja. Na huyu mama, aliyeishika ahadi ile hata juu ya samaki wa kupewa, mmemweka mahali pangu, nami nimekaa hapa namtazama.”

Mzee Sefania alimwendea taratibu, akanyoosha mkono, na Mwalimu akampa fimbo ya ulezi. Hakuna aliyemtukana. Huenda angependa zaidi kama wangemtukana.

Ndipo kutoka nyuma ya ua wa nyasi ikasikika sauti nyembamba, mbele ya mama zote, kinyume cha desturi. “Mwalimu, kile chungu ni mimi.”

Mwalimu Kornelio akageuka. “Nani huyo?”

“Tito, Mwalimu. Na ndala pia.”

“Kamba ya kisimani ni mimi,” ikasema sauti ya Kondradi, safari hii bila kikohozi.

“Upupu ni mimi, lakini Kondradi ndiye aliyeni— hapana, ni mimi tu.”

“Ni mimi niliyemwiga Mwalimu anavyosali.”

“Hilo silijui,” akasema Mwalimu.

“Ndiyo hivyo, Mwalimu, nimeona nikuambie kabisa.”

Zikaja kama mvua iliyokuwa imezuiliwa, sauti juu ya sauti, mayai, mihogo, kengele ya kanisa iliyolia yenyewe siku ya Pentekoste. Mwalimu, baba wa watu, ambaye kwa muda wote alikuwa ameomba kusikia neno hilo mara moja tu, akashika kichwa kwa mikono miwili. “Basi,” alisema. “Mmoja mmoja. Kwani hamwezi kutubu kwa utaratibu?” Mama kadhaa waliokuwa wanalia walianza kucheka, na Mzee Sefania hakujua pa kutazama.

Kelele zilipopungua, ikabaki sauti moja, ya chini, iliyokuwa inangoja zamu.

“Kambare ni mimi.”

Bibi Eufemia akainuka wima. Hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu mwanzo wa jando, lakini mama haulizi mara mbili.

Ikawa bayana sasa. Alfajiri zile za kuni, Gaudensi alikuwa akishuka kijitoni kwenye migono ya marehemu baba yake. Aliogopa kwamba isipoinuliwa, watu wangeichukua, nayo ilikuwa ndiyo yote aliyoachiwa na baba. Aliingia majini mpaka kiunoni na kile kidonda, akatoa samaki, akavuka, akawaweka mlangoni kwa mama yake kabla hakujapambazuka, kisha akakusanya kuni upesiupesi na kurudi. Wenzake walimwona mara nyingi. Hawakumsema, kwa kuwa nao walikuwa na ya kwao ya kufichiwa. Alikuwa amepewa onyo siku ya kwanza kwamba kidonda kisilowe, na kwamba mwari atakayetoka kumbini kwenda nyumbani atarudishwa kwa mama yake kuwa mtoto tena. Onyo la pili lilimtisha hata akalisahau la kwanza. Na mama yake alipoanza kusemwa, alinyamaza, akingoja mtu mzima afanye jambo la haki. Walisema wazee kwamba hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki, kwa maana watu wazima nao walikuwa wananyamaza.

“Kwa nini hukusema?” Mwalimu akamwuliza kupitia ua.

“Niliogopa, Mwalimu. Na wewe ulikuwa unaniambia kila siku kwamba mimi ni mwema.”

Neno hilo Mwalimu Kornelio alilibeba mpaka kufa kwake. Siku ile alijibu tu, “Kaa mbali na maji, mtoto wangu. Migono nitaiinua mimi.”

Mzee Sefania alimwendea Bibi Eufemia, akavua kofia, akaomba radhi mbele ya wote. Yule jirani naye aliomba radhi, ingawa kwa sauti ndogo kuliko ile aliyosingizia nayo. Mama aliwasamehe wote wawili, akauliza swali moja tu, kama mtoto amekula. Kuhusu Gaudensi kutoka kumbini, nyakanga akasema kwamba amefanya kosa la mtoto kwa nia ya mtu mzima, na kwa hiyo hajui ampe adhabu ya upande gani. Akaliacha hapo. Kidonda kilipokaa pakavu, kilipona kama vidonda vyote vya Mungu vinavyopona.

Siku ya kutoka ikafika. Wari walitoka msituni wamevaa nguo nyeupe, na aliyetangulia mbele yao na fimbo alikuwa Mzee Sefania. Mwalimu Kornelio alikuja nyuma kabisa, nyuma hata ya wapiga ngoma, amejitwika vyungu vya kumbi pamoja na mgono mmoja uliovunjika ambao hakupata muda wa kuutengeneza. Alikula vumbi la watu wote. Tito alijaribu mara mbili kurudi nyuma amsaidie, naye akamfukuza.

Mlangoni mwa kanisa mama walikuwa wamejipanga. “Nani wewe?” “Mimi ni Kondradi.” “Nani wewe?” “Mimi ni Tito.” Ilipofika zamu ya Gaudensi, mama yake alimtazama juu hadi chini, akauliza kama desturi inavyotaka, “Nani wewe?” Jina lake la ubatizo likampotea kabisa yule kijana.

“Ni mimi, mama,” akasema. “Wa kambare.”

Si desturi, lakini hakuna aliyemsahihisha. Bibi Eufemia akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Jioni ile Mama Salome alipika jogoo, akatia chumvi mpaka ikazidi, akamtengea mumewe. Mwalimu Kornelio akala yote, hata mchuzi, akashukuru.

Ndugu zetu, tumekisimulia kisa hiki si kwa sababu chumvi ni dhambi. Tumekisimulia kwa sababu wengi wetu tuna watoto tunaowapigia kelele kutwa waseme kweli, na hawajawahi hata siku moja kutusikia sisi tukiisema pale inapotugharimu. Mtoto hafuati somo, hufuata mtu. Akimwona mtu mzima anasonta, atasonta, tena vizuri zaidi yetu. Na hapa hapa tulipoketi, Jumapili iliyopita kuna aliyeacha mlango wa kanisa wazi, mbuzi wakaingia wakala maua ya altare. Tuliulizwa nani, watu wazima wote, wabatizwa, baba na mama wa watu, na tukatazamana.